Apu za kupima data zituambie namba ni ya saa ngapi

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hizi apu za kupima matumizi ya data kwenye simu, maana kila siku nasikia watu wanagombana kwa sababu yake, mtu anagombana na kampuni ya simu, mzazi anagombana na mtoto, umefanyia nini bando, mtoto anaapa hajagusa kitu, halafu kila mmoja anaonesha kioo chake na namba yake, na mara nyingi namba zote mbili ni sahihi ila moja ni ya sasa hivi na nyingine ni ya nusu saa iliyopita na hakuna mahali pameandikwa hivyo. Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu na hili jambo linaniuma kuliko mengine yote kwenye hii kazi, kwa sababu dawa yake ipo, ni ndogo, na bado wengi wetu hatuiweki.

Watu wengi wanaamini apu inaona data inavyopita, yaani ukifungua video nayo inahesabu hapo hapo. Kwenye Android kuna kuhesabu na kuna kuripoti, na ni vitu viwili. Ndani kabisa kwenye kiini cha mfumo kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inayoingia na kutoka inahesabiwa papo kwa papo na inajulikana ni ya programu gani, huko hakuna shida. Shida inaanza pale hesabu inapotolewa huko kupelekwa kwenye rekodi ambazo apu zinaruhusiwa kuzisoma. Kuna huduma ndani ya Android inayopita kukusanya, kama yule mtu wa kusoma mita za maji, maji yanapita muda wote ila kitabu chake kinajua tu alichokikuta siku aliyopita. Kwenye Android jinsi Google wanavyoitoa, ratiba ya kawaida ya huduma hiyo ni kila dakika 30, inaweza kupita mapema kama data nyingi imeshapita au simu imehama kutoka waifai kwenda data ya laini, na ikishakusanya inaweka hesabu kwenye mafungu ya muda, na fungu la matumizi ya kila programu ni la saa 2 nzima. Watengenezaji wa simu nao wanaweza kubadilisha hapa na pale kwa hiyo simu mbili za toleo lile lile zinaweza kuwa na tabia tofauti.

Njia rasmi ya apu kuomba hizo rekodi inaitwa NetworkStatsManager, ilikuja na Android 6.0 mwaka 2015, na Google wenyewe kwenye maelezo yao kwa watengenezaji wamesema wazi kwamba kwa kuwa fungu lina urefu wa masaa, maombi ya historia, yaani apu inapoomba orodha ya mafungu yaliyopita, hayafai kupima matumizi ya muda mfupi. Wamesema. Sasa wewe fungua apu ya kupima data uone, mara nyingi imekuchorea grafu ya kila dakika, mstari unapanda na kushuka vizuri kabisa, na mtumiaji anaamini kila kona ya ule mstari.

Ngoja nieleze la saa sita usiku maana ndilo linaloleta ugomvi mkubwa na sijaona mtu analielezea. Yale mafungu ya saa 2 yanapangwa kwa saa ya kimataifa, hayafuati saa ya ukutani kwako. Kama sehemu ulipo iko mbele ya saa ya kimataifa kwa saa 3, basi fungu moja linaanza saa tano usiku linaishia saa saba usiku, yaani saa sita usiku, siku inapobadilika, inaangukia katikati ya fungu. Umepakua kitu cha GB 1 saa tano na robo, ukazima data ukalala. Asubuhi apu inaulizwa matumizi ya jana na ya leo, mfumo hauna tena kumbukumbu kwamba ilikuwa saa tano na robo, unachojua ni kwamba ndani ya fungu lile imepita GB 1, kwa hiyo ukiombwa jumla ya siku unaweza kugawa kwa uwiano wa muda, nusu jana nusu leo, na ukiombwa kwa ile njia ya historia fungu linalovuka mpaka wa siku linaachwa kabisa halionekani upande wowote. Mtu ana bando la siku, ameamka, hajagusa simu, apu inamwambia leo umetumia MB 500. Atafikiri nini? Atafikiri ameibiwa, na mimi siwezi kumlaumu hata kidogo.

Kuna njia nyingine ya zamani inaitwa TrafficStats, hii inasoma hesabu tangu simu ilipowashwa na ina haraka zaidi, ila ukizima simu ukawasha inaanza sifuri, na tangu Android 7.0 mwaka 2016 apu haiwezi kuitumia kuona matumizi ya apu nyingine, inaona yake tu na jumla ya simu nzima. Zamani wengine walikuwa wanasoma moja kwa moja yale mafaili ya mfumo chini ya /proc/net lakini Android 10 ikalifunga hilo kwa apu za kawaida, na nakubaliana nao walivyofunga kwa sababu mafaili yale yalikuwa yanaruhusu apu yoyote kuchungulia unaongea na mtandao gani, usiri wa mtu ni muhimu. Ila matokeo yake ni kwamba ukitaka kujua programu fulani imekula kiasi gani unabaki na zile rekodi za mafungu tu, kwa hiyo apu nyingi zinachanganya, jumla zinachukua huku, mgawanyo zinachukua kule, ndio maana unakuta ukijumlisha programu moja moja hupati jumla iliyoandikwa juu. Ile tofauti isiyo na mwenyewe watu wanasema ni virusi. Mara nyingi ni kuchelewa tu, au ni data ya VPN, yaani apu inayopitisha data yako kwenye njia ya siri, na ya hotspoti ambayo haijapata pa kuandikwa.

Hotspoti hasa iangaliwe. Tangu Android 8.0 kuna simu ambazo kazi ya kupitisha data ya hotspoti inaachiwa chipu ya modemu yenyewe, ile inayoongea na mtandao wa simu, bila kupitia prosesa kuu, ni kitu kizuri, betri inapona, simu haichemki, lakini pakiti zile hazipiti pale kiini cha mfumo kinapohesabia, inabidi chipu iulizwe baadaye imepitisha ngapi. Kwa hiyo kompyuta iliyounganishwa kwenye simu yako inaweza kuwa inashusha sasisho kubwa na apu yako imetulia tuli.

Nilikaa na simu ya majaribio nikafungua apu ya kupima data kwenye nusu ya juu ya kioo na video ya ubora wa juu kwenye nusu ya chini. Apu ilionesha MB 312. Video inacheza, mshale mdogo wa data pale juu kwenye ukanda wa hali unawaka muda wote, na apu inasema MB 312. Ile video imeenda imeenda, bado MB 312. Halafu bila chochote kubadilika kwenye kioo ikaruka mara moja ikasema MB 745. Mtu aliyekuwa anaangalia pale angeapa kwamba MB 433 zimeenda kwa sekunde moja, na angetafuta ni kitu gani alichobonyeza sekunde ile, na kitu cha mwisho alichobonyeza ndicho kingebeba lawama.

Sasa chukua hilo uliweke kwenye tahadhari ya kikomo, yaani ile unayosema nikifika GB fulani nijulishe. Laini yenye kasi ya megabiti 40 kwa sekunde, ambayo kwenye 4G nzuri ni kawaida, inapitisha MB 5 kila sekunde kwa kuwa biti 8 ni baiti moja, dakika moja MB 300, dakika 15 ni GB 4 na nusu. Na dakika 15 sijaichagua hovyo, ndio muda mfupi kabisa ambao Android inairuhusu apu kupanga kazi ya kujirudia ya nyuma ya pazia kwa njia ya kawaida, na hata hiyo ukiwa umeweka simu mezani kioo kimezima mfumo unaisogeza mbele zaidi ili kulinda betri, na baadhi ya simu zinaiua apu kabisa usipoenda kwenye mipangilio kuiruhusu. Kwa hiyo tahadhari ya umebakiza asilimia 10 inakuja bando lilishakata zamani. Mtu anaitegemea, amekaa amejiamini, na haimlindi. Mfumo una njia ya kuijulisha apu data ikipita kiwango fulani, ipo tangu Android 7.0, kiwango chake cha chini ni MB 2, hiyo inasaidia sana kwa wanaoitumia, naomba wenzangu muitumie badala ya kungojea ile ratiba.

Kwenye iPhone nitapita haraka, kule apu ya nje haina ruhusa ya kuona matumizi ya programu nyingine hata ifanyeje, inaona jumla tu tena pale mfumo unapoiamsha, na ile hesabu ya kipindi cha sasa iliyoko kwenye mipangilio watu wengi wanaichukulia kuwa ni ya mwezi wakati inaendelea kujumlisha mpaka mwenye simu aiguse aianzishe upya.

Na kampuni za simu nazo, nisionekane nazitetea. Mtandao unahesabu kwake, simu inahesabu kwake. Upande wa mtandao simu inapoanza kutumia data kunakatwa kifungu cha salio kinawekwa kando, ukikimaliza kinakatwa kingine, kwa hiyo salio unaloona kwa kupiga ile namba ya kuangalia salio linaweza kuwa limeshatoa kitu ambacho hujakitumia bado, na ukiwa nje ya nchi kwenye mtandao wa watu wengine rekodi zinaweza kufika kwa kampuni yako masaa mengi baadaye. Halafu kuna suala la GB yenyewe, kuna anayehesabu baiti 1,000,000,000 na kuna anayehesabu 1,073,741,824, tofauti yake ni kama asilimia 7, Android ilihamia ile ya kwanza, ya elfu elfu, kuanzia toleo la 8.0 mwaka 2017, kampuni zingine bado ziko kwenye ile ya pili. Mteja hajaambiwa lolote kati ya haya, anapewa namba moja tupu kwa ujumbe, bila saa.

Ninachoomba ni saa. Kila namba ya matumizi iandikwe pembeni hesabu hii ni hadi saa ngapi, iwe kwenye apu, iwe kwenye mipangilio ya simu, iwe kwenye ujumbe wa salio. Mfumo unaipa apu muda wa mwanzo na mwisho wa kila fungu, kwa hiyo hakuna mtengenezaji anayeweza kusema hana hiyo taarifa, anayo, ameificha kwa sababu kioo kinapendeza zaidi kikiwa na namba kubwa peke yake katikati. Kama fungu ni la saa 2 basi grafu ichorwe kwa saa 2, nguzo nene, isichorwe mstari wa dakika kwa dakika ambao haupo. Na tahadhari ipigwe mapema kulingana na kasi ya laini wakati ule, kama data inapita MB 5 kwa sekunde usingoje asilimia 90, piga kelele kwenye 60, mtu akikasirika kwamba umemjulisha mapema atakusamehe kuliko ukimwacha akatiwe katikati ya mtihani wa mtandaoni au anapoongea na daktari.

Na nyie wahariri nawaomba kitu. Mnapopendekeza kwa wasomaji apu bora za kupima data, mara nyingi kinachoangaliwa ni muonekano, matangazo ni mengi au machache, na ni ya bure au ya kulipia. Jaribuni na hili, wekeni video icheze, angalieni apu inachukua muda gani namba kusogea, na je inasema kwamba imechelewa. Inayosema imechelewa muiweke juu ya inayonyamaza hata kama ni mbaya wa sura, na matokeo mchapishe kwa majina ya apu zote mlizojaribu pamoja na toleo la Android la simu mliyotumia, maana toleo likibadilika na majibu yanabadilika.

Msomaji wenu,
Mtengenezaji wa programu za simu