Kwa swahibu yangu aliye Nairobi, kuhusu albamu ya In Rainbows

Kibokoni, Mombasa

Swahibu yangu mpenzi,

Assalam aleikum. Ama baada ya salamu, nakuarifu kwamba sote hapa tu wazima, joto la kaskazi tumelizoea, na barua yako imenifikia salama. Umeniandikia mengi, lakini pale uliposema kwamba roki ni muziki wa watu wanaogombana na magitaa yao sikuweza kupapita bila ya kukujibu. Sikatai kwamba roki ya namna hiyo ipo, na nyingine naipenda. Ninachokuomba ni kwamba, kabla hujatoa hukumu, uisikilize In Rainbows ya bendi ya Radiohead, tena uisikilize yote kwa mpango wake, si wimbo mmoja leo na mwengine wiki ijayo kama simu yako inavyokuchagulia.

Hao ni Waingereza watano waliokuwa pamoja tangu walipokuwa wanafunzi huko Abingdon, karibu na Oxford, na hii ni albamu yao ya saba. Ina nyimbo 10 na haifiki dakika 43, muda ambao kwenye arusi ya kwetu fundi bado anakaza nyuzi za udi wake. Usidhani kwamba kwa ufupi huo ilitengenezwa haraka. Walianza kuishughulikia mwaka 2005, wakahangaika, wakazichukua nyimbo jukwaani mwaka 2006 ili wazijaribu mbele ya watu, kisha wakamrudia Nigel Godrich, mtayarishaji wao wa miaka mingi, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyejua nini kiondolewe.

Kwani uzuri wa albamu hii umo katika vile vilivyozuiliwa. Chukua All I Need, wimbo wa tano. Besi nzito inatambaa chini, ngoma inapigwa polepole bila ya madoido, na Thom Yorke, mwimbaji wao, anaimba karibu kwa kunong'ona, maneno ya mtu anayependa pasipo kupendwa. Kwa zaidi ya dakika mbili hakuna anayepandisha sauti, hata msikilizaji huanza kudhani kwamba wimbo utakwisha hivyo hivyo, na hapo ndipo piano na matoazi yanapoangukia kwa pamoja. Jonny Greenwood, mpiga gitaa wao, alitaka pale isikike ile ngurumo inayojaa chumbani bendi inapopiga kwa nguvu, kitu ambacho kwa kawaida hakishikiki studioni, kwa hivyo akawapa wapiga fidla kazi ya kupiga kila noti ya skeli, yaani ngazi ya sauti, kwa wakati mmoja. Nakuomba utilie maanani kwamba kelele ile unayoilaumu, hapa imepangwa noti kwa noti, na inakuja mara moja tu, baada ya kusubiriwa.

Wewe na mimi tumelelewa na muziki wa kusubiri. Taarabu haimtoi mwimbaji mpaka vyombo vimekwisha kusema yao, na hakuna aliyekereka kwa hilo. Pengine ndiyo sababu ulinisikitisha zaidi, maana sikio lako limeandaliwa kwa albamu hii kuliko la vijana wengi wa huko Ulaya. Utashangaa kusikia kwamba Weird Fishes/Arpeggi, wimbo wa nne, uliwahi kupigwa London mwaka 2005, kabla ya kurekodiwa, na Yorke na Greenwood wakiwa na okestra ya London Sinfonietta pamoja na okestra ya Kiarabu ya Nazareth. Katika albamu hakuna okestra hiyo. Kuna magitaa yanayodonoa noti moja moja, yakipishana na kupandiana, huku Philip Selway akikaza ngoma ya haraka isiyotetereka, mpaka kuelekea mwisho nguvu zinapungua ghafla na mwimbaji anabaki na samaki wa ajabu huko chini kabisa ya bahari. Nimeusikiliza mara nyingi nikiwa Mama Ngina Drive, wakati maji yanapojaa, na sidhani kwamba mtu wa bara anaweza kuuelewa sawasawa. Hilo ni chuki zangu tu za kipwani, unisamehe.

Wimbo wa kwanza, 15 Step, utakutatiza kwa njia nyingine. Unahesabiwa mapigo matano matano, na mkono uliozoea chakacha utapiga kofi mahali pasipostahili, na watoto wa Oxford waliorekodiwa humo wakishangilia utadhani wanakucheka. Ukiusikiliza mara kadhaa utaacha kuhesabu. Wa pili, Bodysnatchers, ndio utakaokupa ushahidi wa shutuma zako. Uvumilie, hauzidi dakika tano. Nude, unaoufuata, ulikuwapo tangu walipokuwa wakirekodi OK Computer, albamu yao iliyotoka mwaka 1997, na walikaa nao miaka yote hiyo kwa sababu haukuwaridhisha. Hebu niambie ni mwanamuziki gani wa siku hizi angekuwa na subira hiyo na wimbo mzuri namna ile.

Wa saba, Reckoner, ndio ulioivuta nyumba yetu. Niliufungulia sebuleni jioni moja mama mdogo akichambua mchele, naye kwa kawaida muziki wangu huuita fujo. Mara hii aliacha ungo mapajani, akasikiliza ile njuga na manyanga yanayochakarisha tangu mwanzo, akasema, “Kayamba hilo lapigwa na mtu ajuaye.” Kisha sauti ya Yorke ikapanda juu sana, nyembamba, na nyuma yake sauti nyingine zikaimba taratibu jina la albamu. Mama mdogo hakuongeza neno, ila hakunitaka nipunguze sauti.

House of Cards naona umerefushwa kuliko unavyostahili, ingawa wenzangu hawakubaliani nami. Jigsaw Falling into Place unakwenda mbio na unajitetea wenyewe. Videotape, wa mwisho, ni piano inayorudia mambo yale yale na ngoma inayokatakata kana kwamba inakwama, na mtu anayewaaga wapenzi wake. Usiusikilize ukiwa na haraka.

Nusura nisahau jambo lililoitangaza zaidi duniani. Mkataba wao na kampuni ya muziki ya EMI ulikuwa umekwisha, kwa hivyo tarehe 10 Oktoba 2007 waliitoa wenyewe kwenye intaneti, kila mtu alipe apendacho, hata kama ni bure. Magazeti yaliandika sana habari za bei, na kwa bahati mbaya wako wanaoikumbuka kwa hilo pekee, ilhali ilipofika madukani kwa diski bado ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani, na mwaka 2009 ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala.

Nakutumia diski yangu pamoja na barua hii, imo kwenye kifurushi cha mabuyu na achari ya embe. Usiipige kwa spika ndogo, maana besi ya Colin Greenwood itapotea yote na utakuwa umesikia nusu ya kazi. Uniandikie umeuonaje ule wimbo wa tano, na uwe mkweli. Diski naitaka irudi kabla ya Ramadhani, kwa kuwa kuna jirani hapa anayeingoja.

Wasalaam,
Mimi swahibu yako