Darcy bila ile barua siyo Darcy

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Ile makala yenu ya Jumapili ya muvi za mapenzi niliisoma yote, nikafika pale mlipoandika kwamba Pride and Prejudice ya 2005, ile ya Keira Knightley, ndo imekitendea haki kitabu cha Jane Austen kuliko zote. Jamani, hapo nimekataa.

Muvi ni nzuri, sibishi. Ile sehemu Darcy, yule tajiri mwenye majivuno, anampandisha Elizabeth, binti wa akina Bennet, kwenye gari la farasi, hasemi neno, anageuka anaondoka zake halafu kamera inamfuata mkono, vidole vinatanuka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, mdogo wangu aliirudisha mara tatu. Na yule mama Bennet wa Brenda Blethyn ndo mama niliyemwelewa kuliko wote, maana yule wa tamthilia ya BBC ya 1995 anapiga kelele mno mpaka unasahau ana hofu gani. Mabinti watano, na mzee akifa nyumba na shamba vinaenda kwa binamu wa kiume. Sisi kwetu tumezaliwa wasichana wanne, baba alipofariki kikao cha kujadili shamba kilikaa kabla hata arobaini haijafika, kwa hiyo yule mama akisema subiri na wewe uwe na mabinti watano uone utawaza nini kingine, mi sicheki kabisa.

Lakini mhariri, kinachomgeuza Elizabeth kwenye kitabu siyo mkono wala ile mvua ya kwenye posa ya kwanza (kitabuni wako ndani ya nyumba), ni barua. Amemkataa Darcy kwa maneno makali, kesho yake asubuhi anapewa barua, na Austen ameipa karibu sura nzima, halafu sura inayofuata yote ni Elizabeth anaisoma, anakasirika, anasema uongo huu, anaikunja, haipiti hata dakika anaifungua tena, anaanza kukumbuka Wickham, yule afisa wa jeshi aliyemsingizia Darcy, alimwambia nini na lini, mpaka aibu inamshika anakiri kwamba siku zote hakuwa anajijua. Yaani kitabu kizima kinageukia hapo! Sasa muvi ya 2005 ina masaa mawili tu na dakika chache, barua inaletwa, sauti inasoma haraka haraka, Darcy huyo kaondoka, tumeshahama. Dada wa watu amebadilika lini? Hatujui.

Tamthilia ya BBC ya 1995, Colin Firth na Jennifer Ehle, ina sehemu 6 na Andrew Davies aliyeiandika alijua uzito uko wapi. Sehemu ya 3 inaishia kwenye ile posa, ya 4 inaanza na Darcy yuko chumbani usiku anaandika, tunaona yaliyotokea na Wickham huku tunasikia anavyoyaeleza, halafu tunakaa na Elizabeth akiisoma. Watu wanaisifia zaidi pale Darcy alipojitupa kwenye bwawa, kitu ambacho hata kwenye kitabu hakipo, mi ningeambiwa nichague kipi kikatwe ningekata bwawa fasta.

Ya 1940 ya Laurence Olivier sitaki kuisemea sana, imewavalisha magauni mapana ya miaka ya baadaye, Lady Catherine, dada wa mama yake Darcy, kageuzwa mtu mwema anayemsaidia Darcy, na Pemberley, kwake Darcy, hatufiki kabisa. Bora hata Bride and Prejudice ya 2004 ya Gurinder Chadha, ambaye ni mzaliwa wa Nairobi, aliyeihamishia Amritsar, India, na nyimbo juu, ile presha ya mama kutafuta wachumba haihitaji hata maelezo.

Nawaomba mkiandika tena muitaje ya 1995, na msomaji mwenye haraka aanzie basi hata hiyo sehemu ya 4. Juzi nimemwekea mdogo wangu, yeye tangu mwanzo yuko upande wa muvi yenu. Darcy alipomkabidhi Elizabeth karatasi zile na sauti ikaanza, akaniambia dada hebu simamisha kwanza, akaenda kukitoa kitabu kabatini akaanza kuitafuta sura ya 35.

Msomaji wenu,
Morogoro