Deni lililipwa, hati haikurudi

Mhariri,

Mwandishi wenu wa Jumapili iliyopita alieleza kwamba kuweka rehani ni kumwachia mkopeshaji mali yako, na ukishindwa kulipa inakuwa yake. Mimi ni fundi cherehani, sheria sikuisomea, ila rehani nimeweka mara mbili.

Mara ya kwanza niliweka cherehani yenyewe (msinicheke, maneno hayo yamejikutanisha yenyewe). Aliyenikopesha aliibeba akaiweka chumbani kwake, juu yake akalundika magazeti. Kesho yake nikaona ubaya wa rehani ya namna hiyo: vitambaa vya watu nimeshavikata, cha kuvishonea sina, na fedha ya kulipa deni ilikuwa itoke humo humo kwenye kushona. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inakataza kumtwalia mtu jiwe lake la kusagia kuwa rehani. Tangu utotoni nilidhani ule mstari ni habari za mawe tu. Nilipindia watu suruali kwa mkono hadi nikaikomboa mashine yangu, mkanda umelegea na gurudumu limeota kutu.

Mara ya pili ilikuwa nyumba. Mdogo wangu alitaka mkopo wa biashara, nikamdhamini. Nyumba haikwenda popote. Tulilala humo na kupika humo kama kawaida. Kilichohama ni hati, na rehani ikaandikwa kwenye daftari la msajili wa ardhi. Kwa hiyo si kila rehani ni kumwachia mtu mali. Wanasheria wanazitenganisha hizi mbili tangu enzi za Warumi.

Hilo la "inakuwa yake" nalo nilimuuliza wakili. Akaniambia kwa kawaida mkopeshaji huiuza mali, akachukua kinachomhusu, na kinachozidi humrudishia mwenyewe. Mapatano ya kwamba ukichelewa tu kitu ni changu, Kaisari Konstantino aliyapiga marufuku tangu karne ya 4.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kingine. Mdogo wangu alilipa miaka 3 bila kuruka mwezi. Risiti ya mwisho ninayo, nimeibana na pini ndani ya kitabu cha vipimo. Tulipokwenda kuchukua hati, karani alifunua mkataba hadi ukurasa wa 7, akaweka kidole. Nyumba yangu ni dhamana ya madeni yote ya mkopaji, ya sasa na yatakayokuja. Kumbe katikati hapo mdogo wangu alichukua mkopo mwingine wa pikipiki, kwa mkopeshaji huyo huyo. Hakuniambia kwa sababu hakujua kama unanihusu. Nami sikuwa na la kusema, maana chini ya ukurasa ilikuwepo sahihi yangu, na ule mkia wake mrefu.

Siku ya kusaini nilisoma kiasi cha mkopo, riba na tarehe. Huo ukurasa wa 7 niliufunua kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka sahihi. Wakili anasema kifungu hicho ni cha kawaida kabisa, na kabla ya kusaini ningeweza kuomba kibadilishwe: mkopo ninaoudhamini utajwe, na kiwekwe kiwango ambacho deni likikipita, nyumba yangu haimo. Pengine wangekataa. Basi ningekataa na mimi, na mdogo wangu angeninunia wiki moja.

Tulilipa pikipiki miezi 8, sote wawili. Hati sasa iko kabatini kwangu. Nilidhani yamekwisha, kumbe kwenye daftari la msajili nyumba bado inasomeka iko rehani, kwa sababu aliyenirudishia hati hakunipa karatasi ya kuifuta rehani, wala mimi sikujua kuna karatasi ya kudai. Ningepata mnunuzi leo angekwenda kukagua daftari na kukuta deni ambalo halipo. Jumatatu nafunga duka, nakwenda kuidai.

Mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii, namwomba aanzie ukurasa wa 7.

Fundi cherehani,
msomaji wenu wa kila Jumapili