Majibu ya mimba si ya kupeanwa kwa korido

Mhariri,

Gazeti lenu nimesoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, lakini ile ripoti yenu eti wamama wa Nairobi wanachelewa kuanza kliniki kwa "kukosa ufahamu" imenikera. Ufahamu wa nani? Mama ndiye hana ufahamu ama ni yule anamtoa damu bila kumwambia inaenda kupimwa nini?

Sista yangu mdogo ana miaka 38. Alienda na mimba ya wiki 12 akafanyiwa ile skani ya kupima maji nyuma ya shingo ya mtoto, pamoja na damu. Hakuna mtu alimuuliza kama anataka, aliambiwa tu iko kwa pakeji. Majibu akakuja kupewa kwa korido, amesimama, watu wanapita na chupa za mkojo, karatasi inasema hatari kubwa ya Down syndrome, ile hali mtoto anazaliwa nayo ya akili kukua pole pole, 1 kwa 90, na yule dada aliyempa akamwambia "daktari utamwona wiki ijayo" kisha akaita jina lingine. Basi! Usiku huo hakuna mtu alilala kwao, mama mkwe akaita watu wa maombi, mzee wake naye akaanza kuuliza kwetu nani alizaliwa hivyo, kama polisi, na saa hiyo yote hakuna mtu amewaambia kwamba wamama 90 wakipewa majibu kama hayo, 89 mtoto hana hiyo kitu, kwamba hiyo ni makisio tu haijathibitisha chochote, kwamba kipimo cha kuthibitisha kipo, unatolewa maji ya mimba kuanzia wiki ya 15, na kina hatari yake ndogo ya mimba kutoka, na kwamba akitaka kusema sitaki kupimwa tena, nitalea mtoto vile atakuja, hiyo pia ni haki yake. Hayo yote tulielezwa na binamu yetu nesi huko Kitale, kwa simu, kredo ikiisha tunanunua ingine.

Na si eti sheria hakuna. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe vipimo vilivyopo, faida na hatari zake, kwa lugha anaelewa, na aambiwe anaweza kukataa.

Halafu tukiwa hapo hapo kwa kliniki, hii mambo ya mwenye amekuja na bwanake kuhudumiwa kwanza ilitoka wapi? Mama mwenye bwanake anaendesha lori Malaba afanye nini, akodishe mtu? Unakuta msichana amefika alfajiri tumbo iko hapa, bado ako kwa benchi saa sita.

Mimi nina pendekezo. Siku hiyo keshia alimweleza sista bili yake mstari kwa mstari, pole pole, kwa Kiswahili kizuri, mlango umefungwa, hadi akamuuliza kama ameelewa ama arudie. Huyo keshia apewe wamama wajawazito. Yule wa korido apelekwe kwa kaunta ya pesa, awe anarushia watu bili wakiwa wamesimama na kuwaambia wataelezewa wiki ijayo, tuone hospitali itavumilia hadi saa ngapi.

Dada mkubwa,
Kayole