Shukrani kwa Mama wa Kesha la Pasaka, Kisumu

Kwako mama uliyejitanda leso ya samawati, ambaye sikuwahi hata kukuuliza jina, napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa wema uliomtendea mama yangu mzazi usiku wa Kesha la Pasaka hapa Kisumu.

Alhamisi Kuu nilimpeleka mwenyewe katika Misa ya Karamu ya Bwana, na Ijumaa Kuu, siku ambayo Kanisa haliadhimishi Misa, aliubusu Msalaba akiwa ameniegemea. Jumamosi usiku, hata hivyo, nilikuwa na zamu ya kwaya, nami nikamwacha peke yake uani, pale moto mpya ulipokuwa ukibarikiwa, nikidhani upepo wa ziwa ungetulia. Haukutulia. Padri alipouinua Mshumaa wa Pasaka na kuimba "Mwanga wa Kristo", nilimwona mama kwa mbali akihangaika na mshumaa wake uliokwisha kuzimika mara mbili. Wewe ukauwasha kwa wako, ukaukinga kwa kiganja huku nta ikikudondokea vidoleni, mkaingia kanisani polepole, mkono kwa mkono.

Masomo saba ya Agano la Kale ni marefu kwa magoti ya mzee (mimi mwenyewe husinzia kabla ya Ezekieli, somo la mwisho), lakini ananiambia ulimfunika leso yako tangu somo la Waisraeli kuvuka Bahari ya Shamu hadi kengele za wimbo wa Utukufu.

Leso hiyo ilibaki kwetu. Imefuliwa na kupigwa pasi, na mama huja nayo kila Jumapili katika Misa ya kwanza, akiketi benchi lile lile, karibu na mlango.