Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kaunti ya Lamu: amri za usalama ziwe na mwisho

Mheshimiwa Kamishna,

Asalaam aleikum.

Wageni hupelekwa Shela kutazama vilima vya mchanga. Wachache huambiwa kuwa zaidi ya miaka 200 iliyopita jeshi la kisiwa jirani cha Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, lilitua pale kuja kuitwaa Lamu. Waamu wakalishinda. Wavamizi walikimbilia vyombo vyao, wakavikuta vimepwelewa, maji yamekupwa, na wengi wakauawa pale pale ufuoni.

Hata baada ya ushindi ule wazee wetu waliogopa kisasi. Mji uliojitawala kwa baraza lake la Yumbe ukatuma ujumbe Oman, kumwomba mtawala wake, Seyyid Said, alete liwali (gavana wake) na askari. Akaleta. Ngome tunayoipita kila siku tukienda sokoni ilikamilika mnamo 1821. Pate ikadhoofika, na mwaka 1837 Mombasa nayo ikaangukia mikononi mwa Seyyid Said. Adui hakuwapo tena, lakini liwali alibaki.

Siwalaumu kwa kuomba ulinzi. Hatari ilikuwa ya kweli. Kosa ni kuwa ulinzi ule haukuwa na kikomo.

Juni 2014 Mpeketoni ilipovamiwa na watu zaidi ya 60 kuuawa, sote tulitaka serikali isimame imara. Ikaja amri ya kutotoka usiku, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku. Wakati ule, nani angepinga? Lakini marufuku ile iliendelea kwa miaka. Mvuvi wa jarife, wavu wa kutega, huutega magharibi, akaenda kutoa alfajiri. Ukimfungia usiku umemfungia kazi yote, na mama karanga, mkaanga samaki anayemngojea ufuoni, hana cha kutia kwenye mafuta. Karo ya watoto wao hutoka humo humo.

Septemba 2015 ikaanza operesheni ya usalama ya Linda Boni katika msitu wa Boni, ikatangazwa kuwa ya siku 90. Ilipita miaka, na Waaweer, wenyeji wa msitu huo, wakazuiwa kuingia msituni kurina asali, kazi waliyorithi kwa babu zao. Kwa hiyo tarehe pekee haitoshi, Mheshimiwa. Lazima awepo mtu wa kuulizwa inapofika.

Wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya kaunti. Tunaomba kila amri itoke na tarehe yake ya mwisho. Siku hiyo ikifika, uitishe baraza uwanja wa Mkunguni hapa mjini Lamu, na pia Faza, Kiunga na Mpeketoni, utueleze mwenyewe sababu za kuiongeza, mbele ya wavuvi, wafugaji, wakulima na Waaweer. Siri za kijeshi zibaki kwenu. Tunachotaka kusikia ni kwa nini mtu asiende kazini mwezi mwingine, na familia yake itakula nini mwezi huo.

Tunangoja tarehe ya baraza la kwanza.

Wako mwananchi,
Mkaazi wa Langoni, Lamu