Sio ukabila peke yake, Mhariri

Mhariri,

Kila nikifungua gazeti napata mtu anasema vita vya Afrika vinaletwa na ukabila, na mimi nachoka kabisa. Nauza viatu vya mitumba hapa Nakuru. Mwisho wa Januari 2008 mtaa wetu ulipowaka kwa fujo za uchaguzi wa rais nilikimbilia showground na watoto, na yule jirani wa kabila eti adui ndiye alinifichia magunia mawili ya viatu chini ya kitanda chake, niliporudi hakuna hata pea moja imepotea. Halafu Februari 28 Kibaki na Raila wakaweka sahihi mbele ya Kofi Annan na moto ukaanza kuzima. Sasa niambie, makabila yalihama siku hiyo?

Angalia South Sudan. Wadinka na Wanuer walikuwa majirani kabla bendera haijapandishwa 2011. Kilichotokea ni kwamba Machar, makamu wa rais, alisema wazi anataka uenyekiti wa chama tawala SPLM ndio agombee urais 2015, Rais Kiir naye Julai 2013 akatoa amri ikasomwa kwa TV, makamu nje, mawaziri wote nje, siku moja tu. Hayo ni maneno ya chama, yangeisha kwa mkutano na kura, lakini kila mkubwa alikuwa na wanajeshi wake, na Desemba 15 walinzi wa rais wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe pale Juba, kisha Wanuer wakasakwa nyumba kwa nyumba, halafu Bor na Malakal Wadinka nao wakauawa. Mama anayeuza chai Juba alifuta nani kazi? Wakapatana 2015, Julai 2016 risasi tena. Watafiti walikadiria 2018 kwamba vita vimemaliza watu karibu 400,000. Na Machi 2025 Machar akafungiwa nyumbani kwake, yaani tumerudi palepale.

Sudan ni hivyo hivyo, Burhan mkuu wa jeshi na Hemedti mkuu wa kikosi cha wapiganaji cha RSF walipindua serikali pamoja 2021, wakaja kukosana juu ya RSF kuingizwa jeshini, jeshi linataka miaka 2, Hemedti anataka 10, na Aprili 2023 Khartoum ikapigwa. Hao RSF ndio tuliwafungulia ukumbi Nairobi Februari 2025, na hapo mimi sikuelewa serikali yetu hata kidogo.

Ombi langu ni moja, mkiandika tena juu ya vita anzeni na jina la aliyetoa amri na tarehe yake, kabila wekeni ukurasa wa ndani.

Muuza viatu,
Nakuru